Ngano ya Ndevu Nyeusi

Harufu ya moshi ilimpokea Rudaina akingali mlangoni mwa basi. Mwezi wa Mei vilima vyote vya Ajlun hunuka hivyo, kila nyumba inachoma frika yake, ngano inayokatwa ingali mbichi na kubabuliwa motoni mpaka ndevu za masuke ziungue na punje zibaki za kijani. Kwa hiyo hakushtuka. Alishtuka alipoona moshi unatokea wapi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa marehemu mwashi wa mawe. Asubuhi alifundisha watoto wa chekechea. Muda wake uliobaki wote, kwa miaka mitatu, ulikwenda kwenye mbegu. Yeye na wenzake wanne walipita nyumba kwa nyumba wakiomba mbegu za zamani, bamia, dengu, matango yasiyotaka kumwagiliwa. Watu waliwaita vijana wa mitungi, kwa ile mitungi waliyohifadhia mbegu. Ngano yenye ndevu nyeusi waliipata kwa Hajja Fidda, bibi kizee aliyekuwa ameisahau ndani ya kopo la samli. Ilikuwa konzi moja tu, na zilizoota zilikuwa mbegu kumi na tisa.

Mwaka wa kwanza alizipanda kwenye makarai, wa pili kwenye tuta moja, wa tatu kwenye kipande cha nyuma ya mizeituni alichoazimwa na Ami Nayef, mdogo wa baba yake. Hakuweka mbegu ya akiba. Wakulima wawili walikuwa wamekubali, baada ya kubembelezwa sana, kuipanda mvua ya kwanza ikinyesha, naye alitaka awape magunia, si vikombe. Zilibaki wiki tatu ngano ikauke, ivunwe kwa mbegu.

Sasa, kwenye kipande hicho hicho, Ami Nayef alikuwa amesimama kando ya moto, uso mweusi kwa masizi, akigeuza matita ya ngano kwa uma.

"Karibu mwanangu! Nimekupunguzia kazi."

"Ami, umekata nini?"

"Ile yako ya nyuma. Imefika hasa! Ukiminya punje inatoa maziwa mazito. Ungechelewa siku mbili tu, frika hakuna."

"Ilikuwa mbegu."

"Ngano si ngano? Alhamisi wakwe wa Mutasim wanakuja kula. Niwape mchele wa dukani?"

"Nilikuambia isiguswe!"

"Uliniambia mbuzi wasiiguse. Mimi mbuzi?"

Mutasim, mwanawe Nayef, aliyekuwa akichochea moto, akacheka. Rudaina alichomoa tita motoni kwa mkono mtupu, akapukuchua suke moja. Punje zilikuwa za moto, zimenywea. Zisingeota tena.

"Nitakununulia gunia mjini," ami yake akasema, sauti imeshuka. "Hata mawili."

"Haiuzwi popote."

"Kama haiuzwi, ina faida gani?"

Rudaina alizitupa punje chini. Miaka mitatu alikuwa akilijibu swali hilo.

Alhamisi, nyumbani kwa Ami Nayef, Rudaina alisaidia kupakua, kwa sababu asingeweza kumwachia mama yake sinia zote. Wakwe walisifu mpaka wakachosha. Abu Ghaleb, mmoja wa wale wakulima wawili, alikuwa amealikwa pia; ndiye aliyembishia Rudaina kuliko watu wote, na hata alipokubali alikubali ili aachwe apumzike. Sasa alitia kinywani tonge la tatu, akafumba macho.

"Wallahi, hii ni frika ya marehemu mama. Nayef, umeitoa wapi? Niletee mbegu yake, nipande shamba lote."

"Muulize Rudaina," Ami Nayef akasema, macho kwenye sinia.

"Mbegu yako ndiyo hiyo unayotafuna, Abu Ghaleb," Rudaina akamjibu.

Wageni walicheka sana. Walidhani anatania.

Ijumaa asubuhi alikwenda shambani peke yake. Mahali ambapo ukuta wa mawe umebomoka na miiba imetambaa, mundu haukuweza kupita. Aliitenga miiba kwa fimbo, akahesabu masuke yaliyosimama. Sitini na matatu. Amerudishwa nyuma miaka miwili, na Abu Ghaleb atakuwa amekwisha sahau ladha.

Nyuma yake alisikia kikohozi.

"Nikusaidie nini?" Ami Nayef aliuliza.

"Usikaribie ukuta."

"Basi nifanye nini, mwanangu?"

"Shomoro. Wasitue hapa."

Ami Nayef alikwenda kuketi penye mizeituni na debe na kijiti. Aliligonga mchana kutwa, hata pasipokuwa na ndege, na kila baada ya muda alipaza sauti kuuliza kama masuke yameshakauka.