Nilivyompeleka Nabwire Tororo Kujifunza Kufuma

Kilichonitoa nyumbani Samia, upande wa Kenya, mwaka mmoja baada ya uhuru, ni barua ya chama chetu cha ushirika. Serikali ya India ilikuwa imemtuma mwalimu wa ufumaji Tororo, na wakulima wa pamba wa pande zote mbili za mpaka walialikwa kupeleka mwanafunzi mmoja mmoja. Chama kikamchagua mke wangu, Nabwire, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kusuka vikapu. Sikuwaambia kwamba hakuwa amesuka chochote tangu tulipomzika mtoto wetu wa pekee, Wandera, aliyechukuliwa na surua akiwa na miaka miwili. Siku hizo alinijibu kwa kichwa tu. Nilikubali kwa niaba yake, nikitumaini safari ingemfungua.

Asubuhi, Busia. Tulivuka mpaka kwa baiskeli mbili za kukodi, Nabwire amekaa upande nyuma ya mwendeshaji, amekumbatia kifurushi chake. Upande wa Uganda tukapanda basi. Pamba ilikuwa imepasuka, mashamba meupe kila upande. Mwanamke Mteso aliyempakata kuku karibu nami alinionyesha mashamba hayo kwa kidevu.

"Hii yote nakwenda ng'ambo," akasema. "Halafu inarudi shati, na sisi nanunua."

Nilicheka. Nabwire alitazama nje.

Saa sita, Tororo. Uliotupokea kwanza ni ule mwamba mkubwa uliosimama peke yake juu ya mji. Mwenyeji wetu, Mama Athieno, mjane wa Kijopadhola ambaye naye alikuwa mwanafunzi, alitupa ugali wa wimbi na samaki. "Muko nyumbani," alimwambia Nabwire. "Hapana ogopa."

Alasiri akatupeleka kwenye ukumbi wa kanisa. Nilitarajia mtaalamu mwenye gari na miwani ya jua. Kumbe ni mwanamke mfupi aliyevaa sari ya kahawia, miguu mitupu, vumbi hadi kwenye vifundo. Aliitwa Mama Kamala, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota madukani mle mle Tororo.

"Babu nafuma, baba nafuma," akatuambia. "Sisi pia juzi tu napata uhuru. Pesa hatuna nyingi. Lakini hii kazi tunajua."

Kisha akatuonyesha vitanda vya kufumia, fremu za mbao zilizotandwa nyuzi. Vilikuwa vinne, kila kimoja kimetegwa juu ya shimo, ili mfumaji akae ukingoni na kushusha miguu kukanyaga vibao. Mashimo yalichimbwa vizuri, kuta zimenyooka, urefu umezidi upana kidogo. Nililikumbuka kaburi la Wandera. Nabwire alikuwa ameshayaona. Aligeuka akatoka.

Nilimkuta nyuma ya kanisa, ameegemea ukuta.

"Turudi nyumbani," akasema. "Siwezi kuingiza miguu yangu mle."

Mama Kamala alitufuata, akidhani amemkosea. Nikamweleza kwa maneno machache: mtoto, kaburi. Aliketi chini kando ya Nabwire, wakakaa hivyo hadi kivuli cha ukuta kikatufikia sote. Ndipo akauliza, "Jina lake nani?"

"Wandera," Nabwire akajibu, akaanza kulia. Msibani hakuwa amelia. Mama Kamala alimshika mkono mpaka akamaliza.

Siku ya pili, asubuhi. Tuliamshwa na sauti ya nyundo, tukaifuata hadi ukumbini. Mama Kamala na seremala wa kanisa walikuwa wamekinyanyua kitanda kimoja juu ya miguu ya mbao, na mbele yake wameweka benchi. Karani wa mafunzo alikuja mbio na karatasi yenye mchoro.

"Mama, mchoro kutoka India unasema shimo!"

"India iko mbali," akamjibu bila kuacha kupima kamba. "Kule tunachimba. Hapa tutainua."

Nabwire aliketi kwenye benchi. Nikarudi nyumbani peke yangu, kwani shamba lilikuwa likiningoja.

Wiki sita baadaye nilirudi kumchukua. Vitanda vyote vinne vilikuwa juu ya mbao; maji ya mvua yalipopenya ardhini na kujaza mashimo, wengine nao waliomba viinuliwe. Nabwire alikuwa akibishana na Mama Athieno juu ya rangi ya uzi, na wote wawili wakicheka. Nilisimama mlangoni nisije nikawakatiza.

Tulipoagana, Mama Kamala alileta kikapu kilichopinda upande mmoja. Nabwire alikuwa amemfundisha kusuka.

"Hiki napeleka kwa mama yangu," akasema. "Namwambia mwalimu wangu natoka Samia."

Jioni, mpakani. Askari wa forodha alifungua kifurushi, akakunjua kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe. "Cha Kihindi hiki? Mmenunua wapi?"

Nilifungua mdomo, Nabwire akanitangulia.

"Pamba ni ya huku kwetu. Ufundi nimepewa na Mama Kamala wa India. Nimefuma mimi."

Askari alikipapasa, akauliza kama angemfumia mkewe kingine.

Nilikuwa nimezoea wataalamu wanaokuja na dawa ya kila kitu kabla hawajakuuliza unaumwa wapi. Tororo nilimwona mgeni aliyeuliza kwanza, akaubadilisha mchoro wake, na akaondoka naye amejifunza jambo.

Tulipoikaribia nyumba, Nabwire alisimama.

"Kesho utafute mbao," akaniambia. "Na benchi ulipime vizuri. Miguu yangu ni mifupi."