Bakuli Lililokaa Kwangu Wiki Tano

Nianze na upumbavu wangu, maana mume wangu asiponitangulia kuusimulia basi ni kwa bahati tu. Nilikaa na bakuli la jirani wiki tano, nikisubiri kupika kitu kizuri cha kulirudishia.

Jirani yangu ni bibi mjane. Kati yetu kuna ua wa michongoma. Nilipolala na malaria aliniletea kisamvu cha karanga kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, limebanduka rangi upande mmoja. Nikala, nikapona, nikalisugua hilo bakuli mpaka maua yenyewe yakaanza kuogopa.

Huku Kilosa chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Unatia chochote: mahindi mawili ya kuchemsha, embe, hata chumvi. Hiyo "chochote" ndiyo iliyonishinda. Mimi ni mtu wa nyumbani, na ubingwa wangu wote nimeumalizia humu ndani. Nafagia uwanja, nikiona michirizi ya ufagio imepinda, narudia. Vitambaa vya makochi navipiga pasi, halafu nawakataza watu kuvikalia.

Wiki ya kwanza nikapika vitumbua. Vinane vilitoka vizuri, vitatu vikaungua ukingoni. Mwenye akili zake angepeleka vile vinane. Mimi nikatangaza kwamba siku imeharibika. Wiki ya pili wali wa nazi ukashikana. Ya tatu keki ya jiko la mkaa ikapasuka katikati. Vyote akavila mume wangu bila kunung'unika.

"Usikate tamaa," akaniambia, anajifuta mdomo. "Kesho jaribu tena."

Wakati huo bibi amebadilika. Zamani kila asubuhi aliniita kwenye ua aulize kama nimeamka au bado napiga pasi. Sasa nikisema shikamoo, anajibu marahaba na kuingia ndani. Nikajidanganya kwamba amechoka na jua.

Wiki ya tano upepo ukaurusha upande mmoja wa kanga yangu hadi uwanjani kwa bibi. Nikazunguka kuufuata, nikamkuta kwenye kigoda, anakula mchana. Ugali uko kwenye sahani. Mboga ameiweka kwenye mfuniko wa sufuria, ameuinamisha kwa mkono mmoja ili mchuzi usimwagike. Sikujua kwamba bakuli alilonipa ndilo pekee alilokuwa nalo. Nikaokota kanga, nikaondoka kimya kama mwizi, na kwa hesabu zote nilikuwa mwizi.

Mtu mwingine angelirudisha saa ile ile. Mimi kesho yake nikapanda basi kwenda Mikumi kununua bakuli jipya, nimpelekee mawili, msamaha wangu nao usiwe na dosari.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anauza chai na maandazi pale Mikumi, kando ya barabara kuu, malori yanapopumzika. Wengine huenda Mikumi kushangaa tembo. Mimi nilikwenda kushangaa maandazi. Hakuna mawili yaliyofanana. Moja lilikuwa na pembe, jingine limevimba shavu kama mtu mwenye jino bovu. Na madereva walikuwa wanayamaliza.

"Nipe lile lenye pembe," mmoja akasema, kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Wifi, huoni hata aibu?" nikamnong'oneza.

"Aibu ya nini? Hapa mtu anashuka na njaa, hashuki na rula." Akakata donge jingine, hata halitazami. "Haya, wewe uliyetoka nje ya geti lako, umefiwa?"

Nikamweleza habari ya bakuli. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Bakuli la watu liko kabatini kwako, na wewe uko Mikumi unatafuta bakuli? Kaka yangu alioa kweli." Kisha akaacha kucheka. "Wifi, yule mama anadhani humtaki. Rudi nyumbani."

Nilirudi bila bakuli jipya. Asubuhi nikakanda unga, nikakaanga maandazi. La kwanza likaota mguu. Mkono ulitaka kulificha tumboni mwa mume wangu, ambaye tayari alikuwa amevuta kiti. Nikalitia kwenye bakuli pamoja na mengine sita, nikafunika kwa sahani, nikavuka na unga kwenye viwiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Nikampa kwa mikono miwili. Alilitazama bakuli kwanza, akapitisha kidole pale lilipobanduka, kama anayehakikisha ni lenyewe. Kisha akafunua, akachagua lile lenye mguu. Akanisogezea mkeka kwa unyayo. Nikaketi.

Kutoka kwake uwanja wangu unaonekana wote. Sikuwa nimeufagia. Majani yalikuwa yamelala popote yalipotaka, na kuku wake wawili walikuwa wanatembea juu yake kama wamealikwa. Nikawatazama. Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mno, na sikumbuki asubuhi nyingine niliyokaa muda mrefu hivyo bila kuinuka kunyoosha kitu.

Bibi akamaliza, akalamba mafuta kidoleni, akachukua la pili.

"Lina sura mbaya," akasema. "Lakini nimekula kwenye mfuniko mwezi mzima, mwanangu. Siku nyingine leta bakuli hata likiwa tupu."