Mkrismasi wa Mama na Zege Langu

Leo nimegundua kwamba mimi ndiye niliyekuwa naua mkrismasi wa Mama, ule mti wa maua mekundu.

Mbegu yake aliitoa kule Bunda, kwenye mti ambao Baba aliupanda wiki ya Uhuru. Baba alifariki, akazikwa chini yake. Ilipofika zamu yetu kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba ilibaki na kaburi likabaki.

Mama alifunga mbegu kwenye pindo la khanga, akaja kuipanda hapa Murangi.

Mwaka wa tatu huu mti hauchanui. Majani yanapukutika tu.

Asubuhi nikasema tuukate. Mama akachukua kigoda chake, akaenda kukaa chini yake.

Basi nikamwita Neema, bibi shamba wetu. Akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa na rangi ya kijani.

"Haujafa," akasema. Kisha akatazama chini. "Nani alimwaga zege mpaka kwenye shina?"

Mimi. Nilitaka Mama asikanyage matope.

"Mizizi haipati maji wala hewa, kaka."

Nimepasua zege mpaka saa kumi na mbili jioni. Viganja vimejaa malengelenge. Tumetia samadi na maji, na Neema anasema tusubiri mvua zipite. (Mliowahi kufufua mti mzee, nipeni moyo.)

Jua lilipozama nikamwambia Mama aingie ndani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake juu ya shina.

"Wewe tangulia," akasema. "Baba yako alikuwaga hapendi kuachwa peke yake jioni."