Bega la Pili

Nilimwahidi nyanya yangu, niliyemwita kukhu, kwamba siku ya mazishi yake hakuna mtu atakayeuliza mkono au bega la nani limeingia kwenye picha yake.

Ahadi hiyo ilitokana na mazishi ya babu. Picha iliyotangulia mbele ya jeneza lake ilikuwa imekatwa kutoka kwenye picha ya kikundi cha wakulima wa Tongaren, na mkono wa mtu mwingine ulibaki umemshika begani. Siku nzima waombolezaji walinong'onezana, "Hiyo mkono ni ya nani?" Nyanya hakusahau. Nilipomaliza chuo, ambako nilisomea upigaji picha, aliniita kutoka Kitale nilikoishi, niende kwake Tongaren nimpige picha ya mazishi yake.

"Yangu nataka niwe peke yangu," alisema. "Na usinipeleke nje. Hawa majirani wakiniona na nguo ya kanisa siku ya kazi, watasema nimeanza kufunga mizigo."

Mvua ilikuwa imetia giza sebuleni. Niliuacha mlango wazi, nikaisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Kwa mwanga ule hafifu, kila picha ilihitaji sekunde mbili nzima.

"Nipumue ama nisipumue?"

"Pumua, kukhu, lakini polepole."

"Ati polepole. Kumbe leo ni mazoezi."

Kisha akatulia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpiga picha.

Lenzi yangu ina swichi ya kutuliza picha. Ikiwashwa, kipande cha kioo huhamahama ndani ya lenzi ili kufuta mtetemo wa mikono. Chuoni tulifundishwa kuizima pindi kamera inapokaa kwenye stendi. Niliiacha ikiwaka kwa makusudi, nikijiambia kwamba kwa picha nzito kama ile, ulinzi mara mbili haungedhuru. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha zilionekana safi. Naye alikwisha kuinuka kuniandalia chai. Niliona si adabu kumkalisha tena ili nizikuze na kuzikagua.

Kesho yake, chumbani kwangu katika mtaa wa Tuwan, Kitale, nilizikuza kwenye kompyuta. Nyanya alikuwa na mabega mawili upande wa kushoto. Ilipokosa mtetemo wa kufuta, lenzi ilikuwa imetetema yenyewe, ikaacha nyuma yake ukingo wa pili, wa kijivu, kama mtu aliyesogea karibu ili kumsikiliza. Nilifungua picha moja baada ya nyingine. Mtu huyo alikuwa katika kila picha.

Jioni akapiga simu. "Imetoka?"

"Imetoka, kukhu."

"Niko peke yangu?"

"Uko peke yako."

Nilinuia kurudi baada ya mavuno, nimpige nyingine kwa kisingizio chochote, asijue kamwe. Mahindi yalikuwa bado shambani alipofariki.

Picha nyingine ya kutangulia mbele ya jeneza lake haikuwepo, ila ile ya kitambulisho, ambayo hata yeye aliichukia. Nikaibeba yangu, mimi mwenyewe, mbele ya watu wote. Shangazi yangu, binti yake mkubwa, alitembea kando yangu. Tulipokaribia kaburi aliinama.

"Huyo amesimama nyuma ya mama ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe, shangazi. Ni kosa langu."

Aliendelea kuitazama picha, kama mtu ambaye hajasadiki sehemu ya kwanza ya jibu langu.

Sasa imetundikwa sebuleni, juu ya kiti alichokalia siku ile. Kila ninapokwenda Tongaren huchagua kiti kinachoipa mgongo, na kila ninapoaga huona kwamba yule wa nyuma amesogea kidogo. Najua ni kioo kilichotetema. Lakini maneno "uko peke yako" niliyatamka mimi, na ndiyo ninayoyasikia ninapofunga mlango.

Ukimkalisha mtu mbele ya kamera iliyo kwenye stendi, nakuomba uizime ile swichi ya kutuliza picha. Kisha ikuze picha, uyatazame mabega yake, kabla hujamruhusu kuinuka.