Posa ya Binti Yangu na Ua Lililogeuka Rangi

Jina langu lifichwe, tafadhali, kwa kuwa ndugu zangu wa Malindi wanausoma ukurasa huu kuliko wanavyosoma barua zangu. Nina miaka sitini na saba, mgane, mwalimu mstaafu wa biolojia. Naishi Al Nahda, hapa Dubai, na binti yangu wa pekee, ambaye nitamwita Zuhura. Ana miaka thelathini na mitatu, na Ijumaa hii watu wanakuja kupokea jibu la posa. Mimi ndiye walii wake. Bila neno langu hakuna ndoa.

Mposaji nitamwita Fadhili. Ana kiduka cha vifuniko vya simu Deira na anajiita mkurugenzi. Huanza kucheka kabla hajamaliza mzaha wake, ili sisi wengine tujue pa kucheka.

Desemba, madam wa Zuhura, yaani mwajiri wake, alimpa maboksi mawili ya zawadi yanayofanana. Ndani mna chungu, tunguu la ua liitwalo amarilisi, na kipande cha makumbi ya nazi yaliyokaushwa na kushindiliwa. Makumbi! Kwetu tunayakokea moto, huku yanafungwa utepe. Zuhura akanipa boksi moja, la pili akampa Fadhili.

Kwa wasiojua, nieleze. Tunguu hilo ni kama kitunguu kikubwa. Unaloweka makumbi kwa maji ya vuguvugu mpaka yavimbe, unalipanda mabega yakiwa nje, unaliweka dirishani penye mwanga, kisha unatulia. Maji ni kidogo tu mpaka chipukizi litokeze, maana tunguu lenyewe ni ghala la chakula, ukilizamisha linaoza. Nilimweleza Fadhili haya yote polepole, mara mbili. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Sawa, mwalimu, khalas, nimeshika."

Wiki ya tatu, langu likiwa limetoa ncha ya kijani tu, Fadhili akaingia kwetu amekumbatia chungu. Ua limechanua, jeupe, lenye michirizi ya waridi.

"Boksi lilisema jekundu," nikamwambia.

"Ni AC, mwalimu. Baridi ya AC hupausha rangi."

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwamba popo hutaga mayai. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Huyu ana arubaini.

Nilipomwambia Zuhura kwamba mchumba wake amenunua ua dukani, alicheka. "Baba, ni ua tu."

Nikamuuliza: anayedanganya kwa jambo lisilo na faida, siku ya jambo lenye faida atafanya nini? Kicheko kikamwisha.

"Wa kwanza ulimkataa kwa sababu alisema nyangumi ni samaki. Wa pili alipiga miayo ukimweleza mzunguko wa maji. Mimi natafuta mume, Baba, sikutafutii wewe mtahiniwa."

Jumamosi iliyopita nikamfuata Fadhili huko International City, anakokaa na wenzake watatu, nikiwa nimejiandaa kumbana. Hakubisha hata kidogo. Akainama chini ya sinki la jikoni, akatoa chungu. Tunguu limeoza, linanuka, makumbi bado yanachuruzika maji.

"Nilizidisha maji," akasema. "Lakini niambie kweli, Ami. Ningekuja kwako na hiki, ungenipa Zuhura?"

Nikafungua mdomo nimfundishe thamani ya ukweli. Lakini jibu la kweli ni hapana. Ningemcheka, ningemweleza mara ya tatu, kisha ningemkataa.

Msidhani nimelainika. Bado namdharau. Mtu mzima ameshindwa kuliacha tunguu lipumue, akaenda kununua uongo, na hata huo uongo hakuulinganisha na picha ya boksi! Lakini tangu siku hiyo, kila nikipanga maneno ya kukataa, namwona binti yangu ameketi sebuleni kwangu, amefika miaka hamsini, na hajanilaumu hata mara moja.

Nikikubali, nitakuwa nimemwoza mwongo. Nikikataa, huenda nimemfukuza mtu ambaye kosa lake kubwa ni kuniogopa mimi. Mama yake Zuhura angekuwa hai ningemuuliza yeye. Sasa nawauliza nyinyi, na mnijibu kabla ya Ijumaa: wageni wakishaketi mbele yangu, niwaambie nini?