Dramu Zilizobaki Stoo

Mjomba wangu hakuanza jambo bila kugonga mara nne. Aligonga meza kabla ya kula, mlango kabla ya kutoka, na mbao ya kochi kabla ya kupigilia msumari wa kwanza. Alikuwa fundi makochi, lakini ujanani alipiga dramu kwenye bendi ya roki, na bendi ile haikuanza wimbo mpaka yeye agonge vijiti vyake.

Walianza vijana wanne, wakifanya mazoezi kwenye stoo nyuma ya gereji. Mpiga besi alioa, akaacha. Mwimbaji akafuata, baada ya kukorofishana na mpiga gitaa, aliyekuwa kiongozi. Wakaingia wengine. Kisha bibi, mama yake mzazi, akaugua, mjomba akaenda kumuuguza. Dramu zake aliziacha stoo ili bendi isikwame, na kijana mmoja akamshikia nafasi. Aliporudi, kijana alikuwa ameshakizoea kiti. Hakuna aliyemwambia mjomba kwamba ametolewa. Hakuna aliyemwita mazoezini tena.

Jambo hilo lilimkera sana mama yangu, dada yake. "Kazifuate dramu zako, bwana! Au umeziozesha huko?"

"Dada, nikizichukua ndiyo nimetoka. Zikiwa kule, mimi bado mwanabendi."

"Mwanabendi wa kuokota misumari!"

Alicheka, lakini hakwenda.

Redio ikipiga wimbo wao, nyundo ilibaki hewani. "Anaukimbiza mdundo huyo kijana," aliniambia. "Sikia, kamwacha mwenzake wa besi nyuma." Mimi sikusikia kosa lolote. Niliutazama mguu wake ukikanyaga pedali ambayo haikuwepo.

Mwaka jana, mjomba akiwa hoi kitandani, mpiga gitaa alikuja mwenyewe, kichwa mvi tupu, na gari la mizigo. Alikuwa amesikia habari za ugonjwa, akaona amfanyie mwenzake wema.

"Nimekuletea vyombo vyako, ndugu yangu. Tumevitunza kama mboni ya jicho."

Mjomba alimshukuru, akamuuliza hali ya watoto. Mgeni aliondoka na moyo mweupe.

Nikaanza kufungua kamba, nizipange dramu pale ambapo angeziona. Nyuma yangu nilisikia vidole vikigonga ubao wa kitanda mara mbili, vikanyamaza.

"Ziache zilivyofungwa, mpwa wangu," alisema. "Wakinihitaji, tusije tukawachelewesha."