Kipozamataza wa Helju

Helju Vaarmann alisambaza barua kwa baiskeli hapa kisiwani Hiiumaa miaka thelathini na moja, na tangu mwaka wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa na daftari. Mambo ya watu hakuyaandika humo. Aliandika siku barafu ya ghuba ilipopasuka, siku ndege kwezi wa kwanza walipotua kwenye mnara wa kanisa, na zaidi ya yote siku alipomsikia kipozamataza wa kwanza, yule ndege mdogo wa rangi ya udongo anayerudi kutoka kusini theluji ikiwa bado mashambani, akapanda angani huku akiimba mpaka asionekane. Kwetu, huyo akishaimba, baridi na ifanye itakavyo, watu wameshaanza kutazama mbele. Gazeti dogo la kisiwa lilimpigia Helju simu kila Machi, na tarehe aliyoitaja ndiyo iliyochapishwa.

Mimi ni jirani yake, nyumba ya tatu kuelekea pwani. Mengine ya hapa niliyaona, mengine nimeambiwa na yeye na wifi yake Salme, kila mmoja kwa namna yake.

Miaka miwili iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, Helju alisimama kwenye ukingo wa shamba la shayiri akamwona kipozamataza ananing'inia angani, mabawa yakitetemeka, akifungua na kufumba mdomo. Hakusikia kitu. Akajiambia ni upepo unaipeleka sauti kwingine. Watu aliwasikia bado, wakiwa karibu, na mlango, na mbwa wangu. Ni zile sauti nyembamba za juu tu zilizokuwa zimemtoka, kidogo kidogo, bila yeye kujua. Mwaka uliofuata hakumwona wala kumsikia. Gazeti lilipopiga simu akataja tarehe kumi na tatu kwa kukisia, akaiandika daftarini kwa penseli badala ya wino. Hakumwambia mtu.

Basi Januari ya mwaka huu bomba la moshi la nyumba ya Salme likapasuka kwa baridi. Salme ni dada wa marehemu Arvo, mume wa Helju. Wamekuwa mawifi kwa miaka hamsini, na katika hiyo hamsini sijui kama waliwahi kumaliza birika moja la kahawa bila kukwaruzana. Helju ni mkimya. Salme huongea hata usingizini. Lakini nyumba ambayo jiko lake la kuipasha joto haliwaki, Januari, si nyumba. Salme alikuja na mablanketi, mtungi wa kabichi chachu na paka, akasema ni kwa wiki mbili.

Hadi Machi wiki mbili zilishafika saba na zaidi. Waligombania dirisha, chumvi ya uji, mahali pa kuweka mabuti. Kuhusu ndege, Salme alikuwa na maoni mafupi: wakubwa ni wa kuliwa, wadogo ni wa kuchafua nguo kwenye kamba. Hata hivyo aliona jambo. Tangu mwanzo wa Machi, theluji ilipoanza kulegea mchana na kuganda tena jioni, Helju alitoka kila asubuhi, akasimama kwenye ukingo wa shamba akigeuza kichwa huku na huku, akarudi na uso uliofungwa. Salme alidhani anamlilia Arvo, akamwacha.

Jumanne ya tarehe kumi na saba jua liliwaka bila joto. Salme alikwenda bandani kuchukua kuni, akarudi akinung'unika.

"Wifi, hapo nje kuna kidudu kinapiga kelele juu ya shamba, hakinyamazi hata kumeza mate. Hakina kwao?"

Helju alikuwa anapaka siagi kwenye mkate mweusi. Kisu kikasimama.

"Juu ya shamba, au juu ya mti?"

"Juu kabisa. Nimetazama mpaka shingo imeniuma, sikioni."

Helju alitoka bila koti, na ndara za ndani miguuni. Salme akamfuata na shali mkononi, akimwambia kwamba akipata homa ya mapafu asitegemee kuuguzwa. Kwenye ukingo wa shamba Helju akainua uso. Salme anasema alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, hata kwa mikono. Kisha mabega yakashuka.

"Bado yupo?" akauliza.

"Si huyo hapo juu ya kichwa chako. Anatutoboa masikio."

"Mimi simsikii, wifi. Mwaka jana pia sikumsikia. Nilidanganya."

Salme aliniambia kwamba maneno ya utani yalikuwa tayari mdomoni, maana ndiyo mazoea yake, na akayameza. Alimfunga shali. Halafu akaushika mkono wa Helju, akaufungua, na kwa kidole akaanza kugonga kiganjani haraka haraka, akipunguza ndege alipopunguza, akiongeza alipoongeza.

"Hivi ndivyo anavyofanya," akasema. "Sasa anapanda. Anapanda bado. Hapa anarudia lile la mwanzo, hana jipya. Ngoja... anateremka."

"Ataacha ghafla," Helju akasema. "Halafu atadondoka kama jiwe."

Kidole kikasimama. Wote wawili wakamwona akidondoka, doa dogo tu, mpaka kwenye mabua yaliyochomoza thelujini. Helju alikuwa analia. Salme akasema ni upepo, ingawa upepo haukuwepo.

Waliporudi ndani Helju alifuta ile tarehe ya penseli, akaandika pembeni kwamba mwaka ule hakusikia. Kisha akampa Salme kalamu. Salme akakataa, akidai mwandiko wake ni wa kuku. Helju akasema aliyesikia ndiye anayeandika. Gazeti lilipopiga simu, akawaeleza ukweli wa mwaka jana na wa mwaka huu, nao wakachapisha jina la Salme. Salme alinunua nakala nne.

Mwanzoni mwa Aprili walivuka kwenda bara kwa feri, daktari akampa Helju kifaa cha sikioni. Kilimrudishia mlio wa saa ya ukutani, kuni zikipasuka jikoni, na mluzi wa mikoromo ya Salme, ambao alisema hakuwa na hamu nao. Kipozamataza anamsikia kwa mbali, kama sindano inayoanguka chumba cha pili. Siku za upepo hamsikii kabisa, na siku hizo humnyooshea wifi yake kiganja bila kusema neno.

Bomba la moshi lilitengenezwa mwishoni mwa mwezi huo. Salme akarudi kwake, akakaa siku tisa, akaona nyumba ni kubwa mno. Siku ya kumi paka alikuwa tena dirishani kwa Helju.

Sasa vyura wameanza mtaroni. Hao wana sauti nene, na Helju huwasikia hata akikivua kifaa. Juzi, kabla jua halijazama, nilipita nikawakuta kwenye benchi, blanketi moja magotini mwao wote wawili. Helju alikuwa anaeleza yupi mzee na yupi kijana, na Salme analalamika kwamba wote wanasikika kama watu wanaosukutua. Helju akamwambia anyamaze asikilize vizuri, kisha akasogea kunipa nafasi.